Bibi Alitaka Kuita

Mwezi uliopita mwenzangu mmoja wa kazini alifungua sanduku la mablanketi lililokaa muda mrefu bila kuguswa, na harufu ya nafthalini ikajaa chumba kizima. Wengine walipiga chafya wakacheka. Mimi nilitoka nje nikasimama barazani mpaka moyo wangu ulipotulia. Pua yangu ilifundishwa jambo moja utotoni na haijalisahau: harufu ile ikianza kusikika ndani ya nyumba, kuna mtu anaondoka, na kuna mtu anaachwa.

Wenzangu wa rika langu mliokulia Kigoma miaka ile ya wakimbizi hamhitaji kusimuliwa sana. Mnakumbuka watu walivyokuwa wakishuka kwenye maboti, miguu imevimba, wakakaa mchangani wakisubiri kuambiwa waelekee wapi. Sisi watoto tulijifunza kuwasoma kwa mizigo yao. Aliyekuja na godoro alikuwa amepata nafasi ya kufikiri. Aliyekuja na sufuria tupu alikurupushwa jikoni. Aliyekuja mikono mitupu hatukumkodolea macho, maana tulishakanywa. Kwa hiyo akilini mwangu, nikiwa bado mtoto wa darasa la pili, kufunga mizigo na vita vilikuwa kitu kimoja. Sikujua kwamba mtu anaweza kufunga mizigo kwa ajili ya jambo jema.

Ndiyo maana Mama alipoanza kupanga nyumba, mimi nilijua vita vinakuja.

Mama alikuwa muuguzi katika hospitali ya serikali. Kwao ni Njombe. Kigoma aliletwa na uhamisho wa kazi, akaolewa huko, na Baba akafariki kabla sijajifunza kumwita. Tukabaki sisi wawili na Bibi, mama yake Mama, aliyemfuata kutoka Njombe kuja kusaidia kunilea. Bibi hakuipenda Kigoma hata siku moja. Alilalamikia joto, alilalamikia mawese kwenye mboga, alilalamikia dagaa wanaomwangalia kutoka sahanini. Kisha kiharusi kikampata akiwa anafua uani, kikampooza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Tangu hapo hakulalamika tena, na nyumba ikawa na ukimya ambao sikuupenda.

Siku Mama aliporudi na habari kwamba amechaguliwa kwenda Uholanzi kusomea mambo ya uzazi kwa miaka miwili, alicheka peke yake jikoni, halafu akanyamaza, halafu akashusha mapazia yote akaanza kuyafua. Hivyo ndivyo maandalizi yalivyoanza. Alimwita fundi akabadilisha mabati yaliyotoboka kabla mvua hazijaja. Kuku aliwagawa kwa majirani, akabakiza mtetea mmoja aliyekuwa akiatamia. Alinunua maharage mengi, akayachanganya na majivu yasibunguliwe. Sare zake za kazi na nguo nzuri alizikunja, akazipanga kwenye sanduku la bati pamoja na vidonge vya nafthalini. Mimi alinishika mkono akanizungusha nyumba nzima: hapa mafuta ya taa, hapa dawa za Bibi, hapa kiberiti cha akiba.

"Umeona? Haya, niambie wewe sasa."

Nami nilirudia kila kitu, na kila nilichorudia kilinizidishia hofu. Neno Uholanzi nililisikia, lakini nilidhani ni mahali ambapo watu wa hospitali hukimbilia vita vikija.

Nyumba yetu ilikuwa Bangwe, kwenye mteremko wa kuelekea Katonga, na ukisimama nyuma ya jiko uliliona ziwa lote. Siku nyingi ng'ambo hakukuwa na kitu ila ukungu. Lakini mvua ikinyesha na hewa ikioshwa, milima ya Kongo ilijitokeza wazi, karibu kabisa, mpaka mikunjo yake ikahesabika. Niliamini milima ile inasogea. Niliamini vita vinaisukuma kwa nyuma. Kila nilipotoka shule nilipitia nyuma ya jiko kuangalia imefika wapi, na katika wiki zile za mwanzo wa mvua ilikuwa imefika karibu mno.

Lakini kilichoniondolea usingizi hasa ni Bibi. Bibi hakuweza kutembea. Tukianza kukimbia, nani angembeba?

Nyumbani tulikuwa na mtu mwingine, Konsolata, ambaye mimi nilimwita Dada Konso. Yeye alitokea Burundi. Alivuka kwa boti mpaka Kagunga, kijiji cha mpakani, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto akafia pale pale Kagunga, kwa maradhi ya kuhara yaliyowakumba watu waliorundikana ufukweni. Konso mwenyewe alifikishwa hospitalini akiwa hajitambui, akalazwa wodi aliyokuwa Mama. Alipopona, Mama akamleta nyumbani apate nguvu kwanza. Nguvu zikaja, naye akabaki. Kirundi chake na Kiha cha majirani vinasikilizana, kwa hiyo sokoni wengi walimdhania mtu wa Kasulu. Alikuwa mrefu, mkimya, na alikuwa na desturi ya kusimama mlangoni kabla hajaingia chumba chochote, kama mtu anayesikiliza kwanza. Alimwosha Bibi, alimgeuza, alimlisha uji polepole bila kumwagia hata tone. Bibi, ambaye hakupenda kitu chochote cha upande ule wa nchi, alimpenda Konso.

Mama akaamua kwamba Konso ndiye atakayekaa nasi. Bibi asingeweza kuhimili treni na mabasi mpaka Njombe, na huko ndugu wenyewe walikuwa na mizigo yao. Mama alizunguka ofisi kwa ofisi, akakaa kwenye mabenchi siku nzima, mpaka Konso akaruhusiwa kuishi nje ya kambi kama mwangalizi wa mgonjwa. Jirani yetu Mama Zuhura, mwanamke wa Ujiji aliyekuwa akiuza vitenge, alikubali kutupitia kila jioni. Alikubali, lakini siku moja alimfuata Mama uani akiwa anamenya muhogo, akasema aliyokuwa nayo moyoni.

"Mama Upendo, usinifikirie vibaya. Mimi na Konso hatuna ugomvi. Lakini huyu ameshakimbia mara moja. Siku tairi ya lori ikipasuka hapo barabarani, yeye atajua ni bunduki, atafika Kasulu bila viatu. Na mama yako je? Atabaki na nani?"

"Hatakimbia," Mama akasema.

"Umejuaje?"

Mama aliendelea kumenya muhogo. Mimi nilikuwa nimechuchumaa karibu na mtetea, nikageuka nikamwona Konso amesimama kwenye mlango wa jiko na ndoo mkononi. Aliiweka ndoo chini taratibu mno, kana kwamba ndani yake kulikuwa na mtu amelala.

Kitu cha mwisho alichokipanga Mama ni chumba cha Bibi. Alikwenda Ujiji kwa seremala akatengenezewa meza ya miguu mifupi, inayolingana na kitanda. Akaiweka upande wa kushoto, upande wa mkono mzima. Juu yake akapanga jagi la maji na kikombe chenye mikono miwili, chupa ya chai, ndizi mbivu ndani ya bakuli, redio, kitambaa cha kujifutia. Chini yake beseni. Alikaa kitandani mahali pa Bibi, akanyoosha mkono wake wa kushoto, akajaribu kila kimoja kama anakifikia. Jagi likawa mbali kidogo, akalisogeza. Akajaribu tena, akaridhika.

"Mama, unaona? Hutapata taabu," alimwambia Bibi. "Kila kitu kiko karibu. Huna haja ya kumsumbua mtu."

Bibi aliitazama ile meza, kisha akamtazama Mama. Jicho lake la kulia lilikuwa na desturi ya kutoa machozi lenyewe tangu augue, kwa hiyo hatukujua kama analia.

Kesho yake nilirudi shule nikakuta meza iko upande wa pili wa chumba, chini ya dirisha, na kila kitu kikiwa juu yake vile vile. Mama aliporudi kazini alidhani Konso ameisogeza wakati wa kufagia, akairudisha. Siku iliyofuata ilikuwa dirishani tena. Mama akairudisha tena, akiwa na haraka zake za kushona vifungo, hakuuliza. Siku ya tatu hali ikawa hiyo hiyo.

Nilikaa nikafikiri kwa akili yangu yote ya miaka minane, nikapata jibu, na jibu lile lilinipa furaha ambayo sijaisahau. Bibi anatembea. Anatembea tukiwa hatupo. Anajifunza kimya kimya, kwa siri, ili vita vikifika asiwe mzigo kwa mtu. Anaamka, anaishika meza, anaisukuma kama watoto wadogo wanavyosukuma kigoda wakijifunza hatua, mpaka dirishani; halafu anachoka, anarudi kulala. Kila kitu kilielezeka. Nilianza kumkonyeza Bibi nikipita, na yeye, maskini, alinikonyeza kwa jicho lake zima bila kujua tunafurahia nini.

Siri ile ilinishinda. Siku chache kabla ya safari nilimfuata Mama chumbani kwake alipokuwa akipima uzito wa sanduku kwa kulinyanyua, nikamwambia, "Mama, usiwe na wasiwasi. Bibi anatembea."

Mama aliachia sanduku. "Nani kakwambia?"

"Anasukuma meza. Ndiyo maana kila siku inahama."

Alipita karibu yangu kwa kasi hata kanga yake ikanichapa usoni. Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameushika mguu wa kulia wa Bibi kwa mikono miwili. "Mama, sukuma. Nisukume mkono. Mama, jaribu, hata kidole." Alikuwa muuguzi, alijua kila kitu kuhusu ugonjwa ule, lakini wakati ule aliniamini mimi kuliko masomo yake. Bibi alikunja uso, jasho likamtoka. Mguu ulilala mikononi mwa Mama kama kitu cha mtu mwingine. Mama akauinamia akakaa hivyo kwa muda.

Aliponyanyuka hakuwa na hasira na mimi. Alitazama meza chini ya dirisha, akaita, "Konso!"

Konso alisimama mlangoni, akasikiliza, akaingia.

"Hii meza wewe ndiye unayeihamisha?"

"Ego," Konso akasema. Ndiyo yao ni hiyo.

"Kila siku naiweka pale, wewe unaitoa. Mama yangu akipata kiu mchana?"

"Anaita. Nakuja namnywesha."

"Na ukiwa kisimani? Ukiwa sokoni?"

"Siendi mbali."

"Konsolata, nakuuliza vizuri. Mimi naondoka. Namwacha mama yangu mikononi mwako, Mungu ananiona, na watu wameniambia nisifanye hivyo. Kwa nini unamsogezea mgonjwa maji mbali?"

Konso alikaa chini sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya Mama. Alikunja miguu yake mirefu, akaweka mikono mapajani. Mimi nilikuwa kwenye kona kati ya kabati na ukuta, na hakuna aliyekumbuka kunitoa.

"Nilikuwa na mabukwe," alisema. "Mama wa mume wangu. Mume walishamwua. Nilibaki na yeye na mtoto. Mabukwe alikuwa hatembei, magoti yalishakufa. Siku ile watu wanapita wanasema, toka, toka, wako kwenye kilima. Mimi mgongo ni mmoja, Mama Upendo. Nikimbeba yeye, mtoto anabaki. Nikibeba mtoto, yeye anabaki."

Mama alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Nikampangia. Nilileta mtungi nikauweka hapa, karibu na mkono. Nikaleta viazi nilivyochemsha, nikaweka hapa. Ndizi hapa. Kuni ndogo ndogo, moto usizimike, hapa. Nikamfunika. Nikamwambia, mabukwe, nakwenda ziwani kidogo, narudi. Nikajaribu kama anafikia. Akafikia vyote. Nilifurahi, nikasema moyoni, nimempangia vizuri. Akavitazama. Akaniambia, mwanangu, mtu anayerudi haweki vitu vyote karibu."

Nje nilimsikia mtetea akiwalia vifaranga wake.

"Maji yakiwa mbali, mtu lazima aje," Konso akasema. "Yakiwa karibu, mtu anaweza kwenda. Mimi kila nikiingia humu nikaona hii meza, naona miguu yangu inataka kuondoka. Naisogeza kule. Sikutaka kumtesa Bibi."

"Na mtoto..." Mama alianza, akaacha, kwa sababu mtoto yule alifia Kagunga na Mama alijua.

"Oya," Konso akasema taratibu, yaani hapana. "Mtoto usimtaje."

Mama alifunika uso wake. Aliposema tena, sauti ilikuwa nzito. "Siendi. Nitawaambia wampeleke mwingine."

Hapo ndipo Bibi alipogonga ukuta. Alikuwa amelala akisikiliza muda wote, na sisi tulikuwa tumemsahau kama watu wanavyosahau wagonjwa wasiosema. Aligonga kwa mkono wake wa kushoto, kwa nguvu. Midomo ilihangaika upande mmoja.

"Ne... nda."

"Mama, usiseme."

"Nenda!" Kisha akanyoosha kidole kwenye meza, kule dirishani. "Ikae... kule."

"Mama, maji..."

"Nataka," Bibi akasema, akapumzika, akavuta pumzi kama mtu anayepanda mlima, "nataka kuita."

Mama alimtazama Konso, Konso alimtazama Bibi. Meza haikuguswa tena.

Walimsindikiza Mama stesheni watu wengi wa hospitali. Bibi alibaki na Konso. Mimi nilivalishwa gauni la Sikukuu, nikashika mkono wa Mama Zuhura. Wakati watu wakipandisha masanduku, Mama aliinama kunibusu, nami nikaona ni wakati wa kumtuliza.

"Usiogope," nikamwambia. "Milima ikifika, Dada Konso atamshika Bibi kichwani na mimi nitashika miguu. Tumbebe kwa blanketi. Nimeshafikiri."

"Milima gani?"

"Ya Kongo. Si vita vinakuja?"

Alinitazama, na nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kilichokuwa nyumbani mwake siku zote bila yeye kukijua. Alichuchumaa na viatu vyake vipya.

"Upendo, hakuna vita vinavyokuja. Hakuna kitu chochote kinachokuja. Ni mimi tu ninayeondoka."

Alidhani amenifariji. Treni ilipoanza kusogea nililia mpaka Mama Zuhura akanibeba, na sikuweza kumweleza mtu sababu. Nililia kwa kuwa nilitamani vingekuwa vita. Vita tungekimbia pamoja.

Maisha yaliyofuata yalikuwa ya kuitana. "Kooo!" Bibi aliita asubuhi, akitaka maji. "Ego, mama!" Konso alijibu kutoka uani, na nyayo zake zikasikika. "Kooo!" akitaka kugeuzwa. Baadaye likawa "Konso," jina zima, na baada ya mvua moja kupita Bibi alikuwa anaweza kusema kwamba uji una moshi na kwamba dagaa wa Katonga hawaoshwi vizuri. Malalamiko yake yalirudi moja moja, nasi tuliyapokea kama wageni tuliowangoja. Mama alipopiga simu kwa Mama Zuhura, nilimsimulia malalamiko yote, naye alicheka huko kwenye baridi yake.

Konso hakwenda mbali na sauti ile. Sokoni alinituma mimi. Kuni aliletewa. Watoto wa jirani walipokuwa wakimwalika kwenda ziwani kufua, alikataa, akafulia kwenye beseni chini ya dirisha la Bibi. Siku moja tairi ya lori ilipasuka kweli barabarani, kama Mama Zuhura alivyotabiri. Nilikuwa uani. Nilimwona Konso akiruka, sahani ikivunjika, miguu yake ikigeukia barabara ya juu. Alikimbia. Alikimbilia ndani, chumbani kwa Bibi, akampakata, na nilipofika nilimkuta amekwisha kumfunga kwa kanga mgongoni, mwanamke mzima, miguu ya Bibi ikiburuzika sakafuni. Bibi alikuwa akimpigapiga begani kwa mkono mzima. "Tairi, Konso. Tairi tu hiyo." Ilituchukua muda kumfanya amshushe.

Bibi alifariki mwaka wa pili, masika yakielekea kwisha, kabla ya mchana. Shule ilikuwa imefungwa. Aliita. Konso alijibu, akaja na mikono ina povu la sabuni, mimi nikamfuata. "Maji, mama?" Bibi alitikisa kichwa. "Nikugeuze?" Akatikisa tena. Alitutazama sisi wawili, mmoja mmoja, kama anayehakikisha. Akafumba macho. Konso alikaa kitandani akamshika mkono, povu likikauka kwenye vidole vyao, na sisi tulidhani amelala.

Mama hakuweza kuja kuzika. Alirudi miezi kadhaa baadaye, amenenepa kidogo, na koti lisilokuwa na kazi Kigoma. Hakufungua masanduku. Alikwenda kaburini na Mama Zuhura, akarudi, akakaa kwenye kitanda kitupu cha Bibi, akaniita nikae mbele yake. Konso alikuwa kwenye kizingiti akichambua mchele kwenye ungo.

"Niambie siku ile," Mama akasema. "Usinifiche."

Nikamwambia.

"Aliita?"

"Aliita."

"Mkaja?"

"Tulikuja wote wawili."

"Alikuona?"

"Alituona."

Mama alitoa pumzi ndefu, mabega yakashuka, akaanza kulia kilio kile kinachopumzisha mtu. Nilifurahi kwamba nilikuwa na majibu. Kisha nikageuka nikamwona Konso. Vidole vyake vilikuwa vimesimama juu ya mchele. Alikuwa ananitazama mimi, mdomoni hasa, mahali maneno yale yalipotokea, kwa njaa ambayo sijaiona tena kwa mtu. Aliweka ungo chini, akatoka nje, akaenda kusimama nyuma ya jiko akilitazama ziwa mpaka jioni.

Haikupita wiki akasema anarudi kwao. Kulikuwa na maneno ya amani siku zile, lakini ya kusuasua, na watu wengi walikuwa bado hawajathubutu. Mama alimsihi.

"Konso, huko nyumba haipo. Mume hayupo. Unamfuata nani?"

"Kuna jirani mmoja," Konso akasema. "Nyumba yake na yetu ukuta kwa ukuta. Nasikia hakukimbia. Nataka nimwulize."

"Umwulize nini?"

"Kama aliita."

Mama hakumsihi tena. Tulimsindikiza Katonga asubuhi, hadi kwenye boti lililokuwa likipakia watu wa Kagunga na wa mbele zaidi. Alinikumbatia, akamwambia Mama amfikishie salamu Mama Zuhura, akapanda akakaa karibu na ubavu wa boti, mgongo wake mrefu umenyooka, hana mzigo mgongoni. Hatukupata habari zake tena, ingawa Mama aliwauliza wachuuzi wa dagaa wa Kagunga miaka mingi.

Nimekuwa mtu mzima sasa, nina umri aliokuwa nao Mama wakati ule, na bado namfuata Konso kichwani mpaka kwenye ule ukuta. Namwona jirani anafungua kinywa. Kama mabukwe aliita, basi aliita na hakuna aliyekuja. Kama hakuita, basi alijua tangu Konso akiwa mlangoni kwamba hakuna wa kumwita. Namwombea Konso kila ninapomkumbuka, lakini mpaka leo sijui nimwombee jibu lipi.